Kocha na Mstari wa Penseli

Katika miaka yote niliyomjua Kocha, sikuwahi kumwona akiutazama mpira. Uwanja mzima ungegeuza shingo kulia, naye amebaki kutazama kushoto, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa mchezaji mmoja aliyechelewa kurudi kulinda. Ukimuuliza nani kafunga, angekujibu kwa upole kwamba hajui.

"Mpira nitauliza watu," alisema. "Kila mtu hapa atanieleza ulienda wapi. Lakini yule aliyeinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka, habari zake nitamuuliza nani?"

Tulimwita Kocha sote, hata mkewe, hata mchungaji alipomwita mbele kusoma somo. Ajabu ni kwamba nilipomjua hakuwa akifundisha timu yoyote. Alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, mtu mfupi, wachezaji wengi walimpita kichwa na mabega, na kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuwapima vijana wa vyuo wanaocheza mpira wa kikapu. Kuna ligi ya kulipwa huko nje ambayo kila mwaka vilabu vyake huketi siku moja na kuchagua wachezaji kwa zamu. Kabla ya siku hiyo ya uteuzi vilabu hutaka ripoti ya kila kijana: anaruka vipi, anasikia vipi, ni mtu wa namna gani. Ofisi moja ya Nairobi hukusanya ripoti hizo, na za vijana wa huku kwetu, kuanzia Voi mpaka Taveta, ziliandikwa na Kocha. Kurasa zake mbili zilitosha kumpandisha mtu ndege au kumrudisha kuchunga mbuzi.

Nayajua haya kwa sababu mimi ndiye niliyezipiga chapa. Nina saiba karibu na soko la Voi, kompyuta nne na mashine ya kutoa kopi ambayo hukasirika kukiwa na joto. Kocha alikuwa akiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, katika daftari la shule, nami nikiitia ripoti Kiingereza na kuituma. Kiingereza alikijua vizuri, alikifundishia miaka mingi. Nilimuuliza mara moja kwa nini asiandike mwenyewe akatupunguzia safari.

"Kwa Kiingereza kila kijana ana kipaji," akanijibu. "Nikiandika Kiswahili inanibidi nieleze."

Nyumbani kwake kulikuwa Sagalla, juu kule mlimani, na alishuka kwa bodaboda. Lakini kila walipofika pale penye mteremko mkali wa mawe, wakishuka au wakipanda, alimgusa dereva begani, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka unapoishia, na dereva akamngoja. Madereva walimzoea. Mtu ambaye aliweza kuandika kuhusu kijana wa futi sita na nusu kwamba "anaogopa kugongwa, huficha kwa kelele," yeye mwenyewe hakuthubutu kukaa juu ya pikipiki mahali penye mawe. Nilimtania kwa hilo mara nyingi. Alisema mwoga ndiye anayemtambua mwoga mwenzake, na kwamba wangempa kazi hii shujaa angeiharibu.

Uwanjani aliketi nyuma ya ringi, juu ya gunia lililokunjwa, chini ya mwavuli mweusi, na viazi vya kuchemsha vimefungwa kwenye leso. Alifika kabla ya wachezaji na kuondoka baada yao. Kipindi cha mapumziko ndicho alichokipenda kuliko mchezo. Hapo ndipo chupa za maji zilipotolewa, na Kocha aliinuka kabisa, akasogea karibu, akakodoa macho. Alitazama nani anakunywa kwanza, nani anampa mwenzake, nani anajimwagia kichwani. Kwao maji hubebwa kutoka mbali, na mtoto wa Sagalla hujua uzito wa mtungi kabla hajajua kusoma.

"Aliyemwaga nusu chupa chini bila kutazama," aliniambia, "huyo hata pasi ataitupa hivyohivyo."

Nilidhani ni maneno tu ya mzee. Kisha nikaanza kuangalia mwenyewe, na nikakuta mara nyingi ni kweli, jambo ambalo liliniudhi kidogo.

Kimo hakuamini kukiandika kwa kusikia. Wachezaji huongopa kimo, huvaa soksi tatu, husimama kwa vidole. Kocha aliwavua viatu, akawasimamisha kwenye ukuta, akachukua kamba ya mkonge na kuipima kutoka utosini mpaka sakafuni, akafunga fundo kila ncha, akakata. Kila mchezaji alikuwa na kamba yake yenye kijikaratasi cha jina. Zilining'inia kwenye misumari sebuleni kwake, na mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani anauza mkonge. Mkewe alizichukia. Aliniambia kwamba akiwa peke yake mchana na upepo ukiingia, zile kamba husogea zote pamoja, naye huona kama watu wamesimama foleni ukutani.

Watu walimheshimu, ila sina hakika ni wangapi walimpenda. Kuna mama mmoja wa Miasenyi, muuza matikiti kando ya barabara kuu, mtu wa bara aliyehamia huku zamani, ambaye mwanawe alikuwa mchezaji hodari wa chuo. Mama huyo hakukosa mechi hata moja. Alikuja na kitambaa chake cha njano, akapiga vigelegele, na mtoto akafunga vikapu utadhani ringi ni pipa. Kila mtu alisema huyu ameshapita. Kocha akamfuata yule mama mpaka Miasenyi, akanunua tikiti, akamwomba jambo moja: mechi inayofuata asije. Mama akakubali, kwa kuwa alidhani ni siri ya ufundi. Siku hiyo kijana alitembea uwanjani na macho yake kwenye geti mwanzo hadi mwisho. Ripoti ya Kocha ilisema: "Anacheza vizuri sana kwa mama yake. Huko mnakompeleka mama hatakuwepo."

Kijana hakuteuliwa. Yule mama alikataa kumuuzia Kocha matikiti tangu siku hiyo, na Kocha, aliyependa matikiti kupita kiasi, hakununua kwa mtu mwingine. Aliona ni haki anyimwe.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, mkali juu ya mambo ya kimila. Akipewa nafasi ya kuhubiri hakuacha kugusia kutasa. Hii ni desturi ya wazee wa huku milimani. Mtu mwenye hasira na mwenzake huchukua funda la maji, au la pombe ya miwa enzi hizo, akalipuliza nje na kutamka maneno ya heri. Wazee walishikilia kwamba hasira iliyofichwa moyoni humdhuru yule uliyemkasirikia hata kama hujainua mkono wala kufungua mdomo, humdhuru hata usipotaka, kwa hiyo lazima itolewe kwa kinywa. Kocha alisema ni kukosa imani, mkristo huomba tu na yakaisha. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwishamaliza hesabu.

Lakini nilimwona siku moja, kwa macho yangu. Mchezaji mmoja alimtukana mbele za watu baada ya kupimwa, akamwita mchawi wa vijana. Kocha alizunguka nyuma ya ukuta wa vyoo vya chuo, nami nilikuwa nikipita hapo na bahasha zangu. Akatia maji mdomoni, akayapuliza juu ya nyasi kavu, midomo ikatembea. Aliponiona alifunga chupa taratibu.

"Maji yalikuwa na vumbi," akasema.

Nikamwambia pole. Sikumtania kwa hilo, ingawa nilitaka.

Sasa nieleze habari ya penseli, maana bila hiyo mengine yote ni soga. Daftari la Kocha lilikuwa na maandishi ya aina mbili. Ya kalamu ya wino wa buluu yalikuwa mambo aliyoyaona. Ya penseli yalikuwa mambo aliyoyashuku. Siku ya kwanza kabisa aliponiletea kazi alinipa sheria moja tu, na aliirudia mara mbili nisije nikasahau.

"Wino ni nilichokiona, Wakesho. Penseli ni ninachokiogopa. Piga chapa wino. Penseli ni yangu."

Alipokuwa na shaka juu ya kijana aliandika kwa penseli, kisha akarudi kumtazama tena, hata mara nne au tano. Akithibitisha, alipitisha wino juu ya maneno yaleyale. Akiona alikosea, alifuta kwa kifutio mpaka karatasi ikachubuka. Daftari halikuja kwangu na penseli ndani. Miaka yote ile, sikuona hata neno moja. Nilikuwa nikiyaona tu yale makovu meupe ya kifutio na kujiuliza ni hofu gani ilikaa pale.

Mdogo wangu Mwadime alikuwa kitinda mimba wetu. Baba alipoanguka shambani, jembe mkononi, mtu ambaye hakuwa ameugua hata siku moja, Mwadime alikuwa darasa la pili. Mama hakuchukua muda mrefu kumfuata. Nikamchukua mimi, nikamlea pamoja na wanangu, na katika nyumba ile yeye ndiye alikuwa akiinamia kila mlango. Alikuwa mpole, mwenye kucheka kwa pua, mtu wa kudunda mpira uani mpaka majirani wakaacha kulalamika na kuanza kutumia ule mdundo kama saa. Alipoingia chuo na jina lake likapelekwa kwenye orodha ya uteuzi, nilijua daftari la nani litamfikia.

Kocha alimtazama mwezi mzima. Alimpima kwa kamba, na kamba ya Mwadime ikawa ndefu kuliko zote, ncha yake ililala sakafuni chini ya msumari. Alipokuja saiba kwa shughuli nyingine nilimtilia chai, nikamwekea sukari tatu alivyopenda, na nikasema neno ambalo sikuwahi kumwambia kuhusu kijana mwingine.

"Kocha, huyu ni wetu."

Alikoroga chai muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

Asubuhi ya mwisho ya kupeleka ripoti alikuja na daftari, akaliweka mbele yangu na kwenda kuketi kwenye kiti cha dirishani, alipozoea kuketi akitazama barabara. Nikampa chai. Nikafungua. Kurasa mbili za wino, na ni ripoti nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Aliandika kwamba Mwadime anausikia mchezo kabla haujatokea. Aliandika kwamba hunywa maji baada ya wenzake wote. Nilipiga chapa huku machozi yakinilenga kwa furaha, na nikageuza ukurasa wa pili, na chini kabisa, upande wa kushoto, ulikuwepo mstari wa penseli.

"Akirudi kulinda hugusa kifua. Mara tatu nimeona. Moyo upimwe kwa mashine kubwa kabla ya safari."

Nilisoma mara moja tu. Haikuhitaji mara mbili, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeona. Tulipopanda Sagalla wakati wa Krismasi alisimama katikati ya njia, mkono kifuani, akasema ni gesi. Nikamwambia apunguze maharagwe. Baba naye alikuwa akisimama hivyohivyo akisema ni gesi.

Kocha alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ningegeuka tu na kusema, Kocha, hii ya penseli je? Neno fupi. Lakini nilijua jinsi mambo yanavyokwenda. Ripoti ikitaja moyo, vilabu havingoji mashine, hupita na kumchukua mwingine, wako wengi. Nikajiambia sheria ni sheria. Penseli ni yake. Nikatuma wino.

"Tayari?" akauliza bila kugeuka.

"Tayari, Kocha."

Akamaliza chai, akachukua daftari, akaondoka.

Mwadime aliteuliwa. Voi tulishangilia, mchungaji akamwombea, na hata yule mama wa Miasenyi alituletea tikiti. Huko alikokwenda walimpima kama wanavyowapima wote, presha na magoti na macho. Mashine kubwa huwekewa yule ambaye ripoti yake imetaja moyo. Siku ya sita ya mazoezi alianguka akirudi kulinda. Walituambia hakuna aliyemgusa.

Siku moja kabla mwili haujafika, vijana walikuwa wakichimba kaburi nyumbani kwetu Sagalla na wakaanza kubishana. Hawakujua wachimbe urefu gani, sanduku lilikuwa bado njiani, na hakuna aliyetaka kuniuliza mimi. Kocha alitokea kwenye njia ya juu na ile kamba mkononi. Hakusalimia mtu. Akainama, akailaza chini juu ya udongo mwekundu, akainyosha kwa vidole kutoka fundo mpaka fundo, akasema, "Ongezeni shubiri moja kila upande." Kisha akaikunja na kuitia mfukoni. Wanawake walioona walilia upya. Mimi sikulia. Niliitazama ile kamba na nikamchukia.

Nadhani chuki ilianzia hapo, ama ndipo nilipoiona. Nilimchukia kwa kuwa na kamba. Nilimchukia kwa kuacha penseli. Kila nilipojaribu kuanzia kwangu mwenyewe, kwa zile hatua tatu, akili ilikimbia na kwenda kukaa kwake, kwa sababu kwake palikuwa na nafasi. Yeye ndiye mpimaji. Yeye ndiye mwenye macho. Kifutio alikuwa nacho, wino alikuwa nao.

Hakuandika ripoti tena. Ofisi ya Nairobi ilituma barua pepe mbili kupitia kwangu, nikazitoa kwenye karatasi nikampelekea kwa mkono wa dereva wa bodaboda, hazikujibiwa. Tulikuwa tukionana kanisani. Alinipa mkono, nikaupokea, tukaulizana hali za nyumbani. Miaka mitatu tulikaa hivyo, watu wawili wenye adabu. Na usidhani ilikuwa kimya. Uani kwangu nilisikia mdundo, mchana kweupe, nikianika nguo. Nikigeuka ni mtoto wa jirani anapiga mkeka. Nikiona mtu yeyote anajikuna kifua kwenye foleni ya benki, naiacha foleni naenda nyumbani. Mara moja mwanafunzi aliniletea insha niipige chapa, imeandikwa kwa penseli, nikamrudishia nikamwambia mashine imeharibika.

Mara ya mwisho nilipomwona Kocha ilikuwa Jumamosi, karibu saa tano asubuhi. Stima ilikuwa imepotea na saiba haikuwa na mtu, nimeketi mlangoni nikijipepea na jalada la faili. Alikuja kwa miguu, na fimbo, amevaa sweta katika lile joto la Voi. Alikuwa amekonda hata sikumjua mara moja. Chini ya kwapa alikuwa na daftari, na mkononi chupa ya maji ya nusu lita, ya kawaida, ambayo hakuwa ameifungua.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba, Wakesho. Niketi?"

Akaketi kwenye kiti chake cha dirishani. Nikamwambia hakuna stima lakini chai naweza kuichemshia kwa jirani. Akakataa kwa mkono. Alifungua daftari kwenye ule ukurasa bila kuutafuta, akaligeuza kuelekea kwangu.

"Sikufuta," akasema. "Wala sikuweka wino."

"Naona."

"Siku ile nilikunywa chai polepole. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nakungoja uniulize. Nilisema moyoni, Wakesho akiniuliza naweka wino palepale. Asiponiuliza, basi hii ni hofu yangu tu ya uzee, acha kijana aende. Ulikuwa umeniambia ni wetu. Sikutaka niwe mimi wa kumzuia."

"Kwa nini unitwike mimi, Kocha? Kazi ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yangu."

"Basi."

"Na wewe ulikuwa dada yake," akasema. "Uliona penseli. Nilisikia ulivyoacha kupiga chapa. Ulinyamaza pale kwa muda wa mtu kusoma mstari mmoja, kisha ukaendelea."

Bila shaka alisikia. Miaka yote ile aliketi dirishani akitazama barabara, nikadhani anatazama barabara tu.

Kwa nje mtu alikuwa akiita wateja wa nyanya. Kocha akavuta pumzi, nikaona jinsi ilivyompa taabu.

"Nina hasira na wewe, Wakesho. Ile ya juu yangu mwenyewe nitakwenda kuongea na Mungu, tumeshaanza. Lakini hii yako nimeiombea kila asubuhi miaka mitatu, na haitoki. Daktari ameniambia mambo. Sitaki niende nikaiacha hewani ikufuate, wewe na hao watoto."

"Kocha, wewe si ndiye ulihubiri..."

"Nilihubiri, ndiyo."

Akainuka, akasogea mlangoni, mahali ambapo ukitazama juu ya mabati ya soko unauona mlima wa Sagalla. Alifungua chupa. Mtu yule ambaye alimshusha mchezaji daraja kwa kumwaga maji, akatia funda mdomoni, akalipuliza nje juu ya vumbi. Likatoa alama nyeusi iliyokauka tukiitazama. Akasema, si kwa sauti ya kanisani, "Kama kuna neno moyoni mwangu juu ya Wakesho, litoke. Apoe. Nyumba yake ipoe. Watoto wake wakue." Akafanya mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu alikohoa na maji yakamwingia kwenye sweta.

Kisha akanipa chupa. Ilikuwa imebaki nusu.

"Sasa wewe."

Niliipokea. Nikasimama pale aliposimama, nikatia funda. Maji yalikuwa na joto na ladha ya plastiki. Nilikuwa nimeyakusanya maneno, niliyajua, bibi yetu aliyatamka juu yetu tulipokuwa wadogo. Niliutazama mlima, na nikaona jambo lililonitisha. Nikiitoa hasira hii ya Kocha, itakayobaki ndani yangu ni ile ya hatua tatu. Miaka yote nilikuwa nimesimama nyuma yake nisiione. Mtu huyu mfupi alikuwa ndiye ukuta wangu.

Nikameza.

Kocha hakuwa akiutazama mlima. Alikuwa akitazama koo langu.

"Umemeza," akasema, kwa sauti ileile aliyoniulizia kama kazi iko tayari.

"Nimemeza, Kocha."

Hakukasirika. Akaichukua chupa mkononi mwangu, akaifunga mpaka mwisho, akaenda kuiweka kando ya kompyuta yangu, karibu na kibodi. "Nakuachia," akasema. "Haina haraka." Alichukua daftari na fimbo yake. Bodaboda iliyomleta ilimngoja kwa mbali, na alipanda kwa kusaidiwa. Dereva aliniambia baadaye kwamba siku hiyo, penye ule mteremko wa mawe, wakipanda, mzee hakumgusa begani. Alikaa juu ya pikipiki mpaka nyumbani.

Tulimzika kabla ya mvua za vuli. Mkewe alizishusha zile kamba zote na kuzichoma, isipokuwa moja ambayo hakuiona ukutani. Nadhani najua ilikuwa mfukoni mwa nani.

Chupa iko palepale. Wateja wakitaka kunywa nawaambia si ya kunywa. Lakini asubuhi nyingine, kabla sijafungua, naitoa kifuniko, natia funda, natoka mpaka mlangoni na kuutazama mlima wa Sagalla, na maneno ninayo yote, kisha nameza. Aliponiachia ilikuwa karibu nusu. Sasa limebaki funda moja.